Katalogi ya Siri ya Bwana Yoakimu

Jumatatu, 2 Julai 1984

Barua kutoka Arusha! Imeletwa na Landrova ya shamba la ngano, vumbi tupu, bahasha imechanika pembeni. Mkaguzi wa maktaba, Bi Natalia, atafika Ijumaa. Atachagua mtu mmoja wa hapa kijijini aende Bagamoyo kusomea ukutubi. Miezi tisa!

Bagamoyo kuna joto. Hapa chini ya mlima Hanang, mwezi huu wa saba, navaa makoti mawili na bado naandika kwa vidole vilivyokufa ganzi.

Kwa haki, mtu wa kwenda ni mimi. Mwaka wa nne huu natunza maktaba ya kijiji katika ghala la zamani la mbegu. Vitabu mia nne na kumi na mbili. Vyote nimevipiga mhuri kwa mkono wangu, viwili vichwa chini.

Tatizo ni Mwalimu Perpetua. Anafundisha kisomo cha watu wazima, na kila Jumatano anawaleta wanafunzi wake maktabani kuwafundisha namna ya kutafuta habari vitabuni. Mkaguzi aliyepita alimsifu kwa dakika kumi. Mimi alinisifu kwa kufagia.

Lazima nifikiri.

Baadaye: Nimepata! Kadi za katalogi zina namba ambazo mtu yeyote aliyefundishwa anazielewa. Hilo ndilo kosa. Kila mtu akiweza kutafuta kitabu, Yoakimu ni wa nini? Nitafuta namba zote na kuweka alama zangu mwenyewe. Mkaguzi atakuta maktaba ambayo haiwezi kwenda bila mimi. Ataona umuhimu wangu kwa macho yake.

Jumanne, 3 Julai

Nimefunga mlango, nikatangaza kwamba nahesabu vitabu. Nimefuta namba tangu asubuhi. Raba mbili zimekwisha. Nikamalizia kwa ndala.

Alama zangu ni saba: jembe, ng'ombe, mwezi, jicho, duara, ngazi na samaki. Kila kadi ina alama, na kila kitabu kina alama hiyohiyo mgongoni. Maana ya alama sikuiandika popote. Iko kichwani mwangu, mahali salama kuliko pote.

Baadhi ya vitabu vilinipa shida. Kitabu cha kulea nyuki nimekipa ngazi, kwa sababu mizinga hutundikwa juu. Kimoja cha sheria za ardhi nimekipa jicho. Sikumbuki kwa nini, lakini wakati ule ilikuwa wazi kabisa.

Vitabu vimehama rafu zote. Mgongo unaniuma. Nimefurahi sana.

Jumatano, 4 Julai

Perpetua amekuja na darasa lake. Wanawake sita na wazee wawili, wameketi kwenye mabenchi, makoti na mashuka mpaka masikioni. Huwa anawaambia hivi: kwanza jiulize unataka kujua nini, ulitaje kwa neno moja. Neno hilo likikosekana, tafuta ndugu zake. Ukikosa mahindi, tafuta nafaka. Ukikosa nafaka, tafuta kilimo. Kisha fungua yaliyomo, usisome kitabu kizima kama mtu aliyepotea porini.

Nilisimama pembeni nikitabasamu.

Akavuta droo ya kadi. Akavuta ya pili. Akaniuliza duara maana yake nini. Nikasema ni utaratibu mpya wa kisasa, utaeleweka polepole. Akaniuliza umetoka wapi. Nikasema nje. Sikusema nje ya nini.

Mama Scolastica alichukua kadi moja akaisogeza dirishani. Huyu ni mama kutoka Nangwa mwenye wajukuu tisa, amejua kusoma mwaka jana tu, na tangu hapo anasoma kila kitu, hata magunia ya mbolea. Akauliza kwa nini nimechora mbuzi. Nikamwambia ni ng'ombe. Darasa zima likasogea kuangalia. Wakapiga kura. Mbuzi, kura nane.

Perpetua hakugomba. Alisema "Haya," akaandika kitu kwenye daftari lake. Hiyo "haya" siipendi.

Alhamisi, 5 Julai

Siku mbaya. Niiandike kama ilivyokuwa.

Saa mbili asubuhi aliingia Mzee Gidahosh, mfugaji wa huko bondeni. Alikuwa ametembea tangu alfajiri akizunguka mashamba ya ngano, kwa sababu njia ya zamani ya ng'ombe imelimwa. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia, akaegemeza fimbo ukutani, akasema anataka kitabu cha josho.

Kesho ndiyo siku ya kuogesha. Familia kumi na moja zinaleta ng'ombe, wengine wameshaondoka Gitting. Dawa ipo. Lakini mtunza josho amekwenda msibani Mbulu, na karatasi ya maelezo kwenye debe la dawa imebabuliwa na jua, haisomeki. Kipimo hakuna anayekijua. Dawa ikiwa kali, ng'ombe wanakufa. Ikiwa hafifu, kupe hawafi. Masika yaliyopita mzee alimwona mtunza josho akisoma kipimo hicho katika kitabu cha maktaba hii.

"Ndama wangu watatu wamekufa tangu mwezi uandame," alisema. "Waliobaki, kupe wamejaa mpaka ndani ya masikio."

Nikamwambia aketi, ni kazi ya dakika moja.

Nikaenda kwenye alama ya ng'ombe. Nikakuta kuku, usafi wa maziwa, na kitabu cha hesabu chenye picha ya fahali kwenye jalada. Nikaenda kwenye jembe. Hakuna. Nikaenda kwenye samaki, kwa sababu josho lina maji. Nikakuta vitabu viwili vya samaki.

Saa tano bado natafuta. Mzee amekaa palepale, mikono juu ya magoti, hanung'uniki. Ingekuwa nafuu angenitukana. Saa saba nilijaribu kukumbuka ngazi ni nini hasa zaidi ya nyuki. Kichwani, mahali salama kuliko pote, hapakuwa na kitu.

Saa nane alisimama. Akasema kama kitabu kimepotea, pengine mimi mwenyewe nimekisoma. Nimtajie kipimo tu, atakishika. "Wewe ni mtu wa vitabu," alisema.

Naandika hili ili liwe limeandikwa: nilikuwa na namba mdomoni. Namba nzuri, ya kuaminika, niliyoitunga wakati ule ule. Angeondoka, na mimi ningekunywa chai. Nikamwangalia miguuni. Viatu vyake vya tairi, vumbi mpaka magotini.

Nikasema, "Mzee, sijui. Kitabu kipo, nimekificha mwenyewe, sijui nilipokiweka."

Kisha nikatoka mbio kwenda kumwita Perpetua. Mita mia tatu. Sijawahi kutembea njia ndefu kama ile.

Hakucheka. Alikuja na darasa lake lote, mikono ya wengine ina unga. Kwanza akamuuliza mzee maswali. Kitabu kilikuwa kikubwa? Hapana, chembamba, cha kijivu, kimeshonwa kwa uzi. Kina picha? Ng'ombe anaingia kwenye mtaro wa maji. Ndipo akawagawia wanawake rafu, kila mmoja rafu yake, na maneno manne ya kutafuta: josho, kupe, kuogesha, dawa. Majalada yasiwadanganye, wafungue ndani. Na alama za Bwana Yoakimu wazisahau kabisa.

Mimi nilipewa kushika ngazi. Ngazi ya kweli, si alama.

Haikupita nusu saa, Mama Scolastica akapiga kigelegele. Kitabu kilikuwa kwenye duara, katikati ya vitabu vitatu vya mafundisho ya ubatizo.

Wote wakanigeukia. Nikaeleza kwamba josho ni kuzamishwa majini, na ubatizo vilevile, katika madhehebu mengine. Jumanne ilionekana ni busara.

Mama Scolastica hakunisikiliza. Alishafungua yaliyomo, akashuka na kidole, akapata ukurasa. Akasoma kwa sauti, neno moja moja, kama anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Mzee Gidahosh akamwomba arudie. Akarudia mara tatu. Kisha mama akafunga kitabu, akakiweka ndani ya khanga, akasema kesho atakwenda josho mwenyewe akasome pale pale, maana kipimo si jambo la kubebwa kichwani.

Aliponipita aliniangalia.

Ijumaa, 6 Julai

Bi Natalia alifika saa nne akakuta maktaba imefungwa. Kijiji kizima kilikuwa josho. Na mimi nilikuwa huko, sikuweza kukaa.

Dereva akamleta huko huko. Amevaa viatu vyeupe! Akashuka katikati ya ng'ombe mia nne. Akamkuta Mama Scolastica amesimama juu ya ukuta wa josho, kitabu mkononi, akisoma kwa sauti kuu, na wazee wa bondeni wakipima dawa kwa ndoo kila anaposema. Akisimama kuvuta pumzi, nao wanasimama. Ng'ombe wa kwanza akaruka majini. Akatoka upande wa pili, akajikung'uta, akaanza kula majani. Watu wakashangilia mpaka kombaini kwenye ngano ya jirani ikasimama kutazama.

Bi Natalia aliuliza nani amemfundisha mama huyu. Kabla Perpetua hajafungua mdomo, nilijipenyeza. Nikamwamkia, nikamwambia mimi ndiye mtunza maktaba, na kwamba katika maktaba hii hakuna mtu mwingine yeyote anayeweza kujua kitabu kipi kiko wapi.

Nilijua sifa ikitajwa mapema inakaa vizuri.

Tukarudi maktabani. Akavuta droo. Akatazama jicho. Akatazama ngazi. Akatazama ng'ombe, akauliza kuhusu mbuzi. Akamuuliza Perpetua kama ni kweli ni mimi tu ninayeielewa katalogi hii. Perpetua akasema, kwa upole kabisa, kwamba ni kweli, hakuna mwingine.

Moyo wangu ulikuwa umeshafika Bagamoyo na kuvua makoti.

"Basi wewe huwezi kutoka hapa hata siku moja," alisema Bi Natalia. "Ukiondoka, maktaba imekufa. Atakwenda Mwalimu Perpetua, mwezi wa tisa. Wewe utabaki kurudisha namba kwenye kadi zote, na Mama Scolastica atazikagua."

Kadi mia nne na kumi na mbili. Na raba sina.

Jumamosi, 7 Julai

Upepo mkali, ukungu umefunika mlima. Nimeandika kadi arobaini. Mama Scolastica amerudisha tisa. Anasema saba yangu inafanana na moja. Nimemwambia ni mtindo. Amesema aandike yeye, mimi nisome. Sasa ndivyo tunavyofanya.

Perpetua alipita akaniuliza kama nimekasirika. Nikasema hapana. Akasema akiwa Bagamoyo atanitumia barua za mafunzo, nisome hapa hapa. Ni mtu mwema. Inachosha kushindana na mtu mwema.

Mchana alikuja Mzee Gidahosh na vibuyu viwili vya maziwa ya mgando. Kikubwa cha Mama Scolastica. Kidogo akakiweka mbele yangu. Nilishangaa. Nikamwambia mimi ndiye niliyemchelewesha siku nzima.

"Ulisema hujui," alisema. "Mwingine angenitajia namba."

Nikainama nikatafuta kadi iliyoanguka. Hakuna kadi iliyoanguka. Maziwa yalikuwa mazuri sana. Ng'ombe wote wazima, anasema, na kupe wanadondoka kama punje.

Jumatatu, 9 Julai

Nimetafakari sana jana kanisani, mahubiri yote mawili. Nimejifunza. Mtu asifiche vitabu, vitabu ni vya watu. Nimeomba radhi darasa zima, nao wamenipigia makofi. Natembea wima.

Leo saa nane aliingia Katibu Kata. Ofisi yake imejaa mafaili, hakuna anayejua lipi liko wapi, na wilayani wanayataka yapangwe. Akauliza kama nina utaalamu wa mambo hayo.

Nikamwambia amefika kwa mtu mwenyewe. Naanza kesho. Mafaili si vitabu, ni jambo tofauti kabisa. Nimeshabuni utaratibu mzuri wa rangi tano na mafundo ya uzi.

Maana yake siandiki popote.