Manyoya ya Alpaka na Mafuta ya Kukamulia

Jumatatu, Juni 9
Nashukuru. Kwenye shindano la chama cha ufundi cha shule tumebaki wawili, mimi na Sylvia. Mama Njambi wa Kiplombe, anayefuga alpaka watatu, wanyama wa manyoya mengi wanaofanana na ngamia wadogo, ametupa kila mmoja furushi dogo la manyoya meupe tusokote uzi kwa kijiti. Jumamosi atakagua. Atakayeshinda atafundishwa gurudumu la kusokotea likizo yote ya Agosti. Nikilijua gurudumu, mama yangu atapata sweta. Yeye huenda sokoni alfajiri na leso tu mabegani, na baridi hii ya Eldoret.
Manyoya ni laini ajabu. Hayawashi hata shingoni. Sylvia amenishauri nisokote polepole nisije nikajifunga. Nimemsamehe.

Jumatano, Juni 11
Uzi umekatika mara kumi na nne. Manyoya yanateleza, yanaachana kama ndugu waliogombania shamba. Sufu ya kondoo niliyojifunzia ina mafuta yake, hushikana. Alpaka hana hata tone. Maskini, alisahauliwa.
Mwalimu Lusweti anasema dawa ni kuongeza msokoto. Nimemshukuru sana. Lakini yeye ni mwalimu wa hesabu.

Alhamisi, Juni 12
Mpango. Mzee Wesonga, jirani yetu, ana ng'ombe mmoja na mkebe wa mafuta ya kukamulia anayompaka kwenye chuchu. Nimeomba kidogo. Akauliza tumenunua ng'ombe lini hapa Huruma. Nikasema ni ya kazi ya shule. Akasema shule za siku hizi zimefika mbali.
Nimepaka furushi lote. Yanashikana! Uzi haukatiki. Umegeuka kijivu kidogo kwa vumbi, lakini ni kijivu cha heshima. Asante Mungu kwa akili.

Jumamosi, Juni 14
Kiplombe. Uzi wa Sylvia ulikuwa mweupe, mwembamba, umekaza. Mama Njambi akauvuta, haukukatika. Akachukua wangu. Akaunusa. Akauliza, "Wewe Nekoye, ulisokota ama ulikamua?"
Sijajibu, ndama wake amefika na kuanza kuunyonya. Nikavuta. Ndama akavuta. Niliomba izingatiwe kwamba haukukatika. Mama Njambi alicheka mpaka akatafuta kiti.
Nafasi amepata Sylvia. Ameniambia nisihuzunike, ndama amenichagua mimi.
Mama Njambi hakunikemea. Alieleza kwamba manyoya ya alpaka yameumbwa bila mafuta, ndiyo sababu ni mepesi na hayawashi. Yanataka msokoto zaidi, basi. Kisha akanipa furushi lingine, la kahawia. Nikimletea uzi safi Jumamosi ijayo, Agosti atanifundisha gurudumu asubuhi na Sylvia mchana. Nilimshukuru mpaka akasema imetosha, mtoto wangu, nenda nyumbani.

Jumapili, Juni 15
Kanisani nimemwombea Mama Njambi. Nimemwombea hata Sylvia, kwa ufupi.
Nimejifunza. Mafuta ni ya ng'ombe. Sitayagusa tena maishani. Leo nimeongeza msokoto kama nilivyoambiwa, na uzi umetoka mzuri kabisa, umekaza, unang'aa. Umekatika mara moja tu.
Hata hivyo, mara moja ni mara moja. Na uji wa asubuhi umebaki sufuriani. Nimechovya kidole. Unanata vizuri sana, na si mafuta. Nimepaka utando mwembamba tu, furushi zima, nikaanika dirishani.
Mama Njambi atashangaa.