Vitambaa vya Mama Akuac

Jumanne, 6 Februari 2024

Nimefika Juba. Joto la kukaanga yai juu ya bati. Dada yangu Olivia amenipokea kwa kumbatio na onyo. Kumbatio fupi, onyo refu: nisiguse waya wa mtu. Bado anayakumbuka yale ya jikoni kwa mama kule Kitale. Ukuta ule ungeanguka tu, mimi niliuwahisha.

Mimi si fundi wa kubahatisha. Nimeuza balbu na swichi duka la vifaa kwa miaka, na testa yangu, bisibisi ya kupimia umeme, haitoki mfuko wa shati. Nina mpango. Jumamosi wanakuja wakwe: kijana Koang anamposa Nyachuol, dada mdogo wa shemeji yangu Gatluak. Mjomba wa Koang, mzee Kuach, ana hoteli kubwa sokoni Malakia. Hoteli ina nyaya. Nyaya zinataka mkaguzi. Mkaguzi ni mimi. Nitalifanya boma hili liwe salama mpaka mzee Kuach aulize mwenyewe ni mkono wa nani huu.

Kitale sirudi tena kuuza balbu. Nimeapa.

Jumatano, 7 Februari

Leo nimeona jambo, sijui niliandikeje.

Ng'ambo ya ua wetu anakaa Mama Akuac, mjane mwenye jenereta. Jenereta imekaa chini ya bati kama bibi harusi. Kutoka hapo nyaya zinatawanyika mtaa mzima wa Hai Malakal. Juu ya mapaa. Katikati ya mwarobaini. Kupitia banda la mbuzi, na mbuzi wametulia. Mmoja unavuka barabara juu ya mwanzi. Wa kwetu unaingilia dirishani na soketi yake inaning'inia kwa kamba ya kiatu. Kwetu kitu hiki kingeungua kabla ya chai ya saa nne. Hapa watu wanapigia pasi nguo za kanisa! Nilisimama mdomo wazi. Kisha nikavua kofia. Sioni haya kusema.

Kasoro moja. Mchana nyaya zote hufunguliwa na kutundikwa kwenye msumari karibu na jenereta, na kila ncha imefungwa kitambaa. Kipande cha kitenge. Soksi nyekundu. Mkono wa sare ya shule. Lesi ya shela. Vitambaa, karibu na umeme! Cheche ikidondoka hapo, hatuna mtaa.

Nilimwuliza Gatluak. Akasema, "Shem, achana na hizo nyaya. Hapa kila kitu iko na mwenyewe." Akaanza kunieleza habari za vile vitambaa, lakini nilikuwa nimeshakwenda kuchukua testa.

Jioni akaja Trevor, Mganda anayeuza sola Hai Jalaba na kuimba kwaya moja na Olivia. Kamletea Nyachuol taa ya sola, zawadi. Nyumba nzima ikamsifu. Aliitazama testa yangu akauliza kama ni kalamu. Simpendi.

Alhamisi, 8 Februari

Ng'ombe amechinjwa. Nyama yote imeingia kwenye friza ya Olivia, pamoja na samaki wa mtoni. Leo inakaa juu ya barafu ya kununua; friza itaanza kunguruma kesho jioni, jenereta ikiwaka kwa ajili yetu mpaka wageni waondoke. Kumbe jenereta haibebi nyumba zote kwa pamoja, watu huenda kwa zamu. Mama Akuac aliniambia, "Hii jenereta yangu anachoka kama mtu. Wote wakiingia pamoja, anakufa." Kwa hiyo majirani wamejinyima zamu zao zote, ili wakwe wa Nyachuol wale nyama safi. Hakuna aliyewalazimisha. Hata kinyozi kafunga kibanda chake.

Nikaamua na mimi nitoe mchango wangu. Niliahidi kutogusa waya. Kitambaa si waya.

Ijumaa, 9 Februari, asubuhi

Tayari! Mama Akuac alikwenda sokoni, nikapita kwenye ua na mkasi wa Olivia. Nimekata vitambaa vyote, kimoja kimoja, kwa uangalifu wa daktari. Sasa nyaya zimening'inia nyeusi, safi, zinafanana kama mapacha. Vitambaa nimevichoma nyuma ya choo ili hatari isirudi. Natamani mzee Kuach angefika leo.

Ijumaa, jioni

Mama Akuac alirudi, akatazama msumari, akakaa chini. Watu wakaanza kukusanyika, kila mmoja akitafuta kitambaa chake.

Vile vitambaa ndivyo majina ya nyumba. Soksi ni kwa Lokosang mchomelea vyuma. Lesi ni kwa wale waliooana mwaka jana. Sisi ni kitenge cha maua. Tulikuwa.

Walijaribu kubahatisha. Wakaunganisha waya mmoja, jenereta ikakohoa, ikazima. Ulikuwa wa Lokosang, na mashine yake ya kuchomelea haikuwa imezimwa. Mama Akuac akasema jenereta ikikohoa hivyo mara nyingine haitaamka. Nyama ilikuwa inatoka jasho ndani ya friza. Nilitegemea Olivia anipigie kelele. Hakupiga. Alikaa juu ya ndoo akalia kimya, akasema wazee wa Koang ama watakula kilichooza ama watarudi na njaa, na vyovyote vile Nyachuol ataimbwa hivyo mpaka wajukuu. Hapo niliumia kweli. Nikampa testa yangu. Aliiweka chini.

Mama Akuac akainuka, akaiwasha tena jenereta. Akaagiza kila nyumba izime kila kitu, ibaki balbu moja tu, na mwenye nyumba asimame mlangoni. Atagusisha waya mmoja mmoja. Atakayeona mwanga aite.

Sijawahi kuona kitu kama kile. Jua linashuka, mtaa mzima umesimama milangoni, hata mbuzi wamenyamaza. Mama anagusisha. Kimya. Halafu mbali kule, nyuma ya kanisa, sauti ya mzee: "Nur ja!" Mwanga umekuja. Watu wakapiga makofi. Waya mwingine. "Nur ja!" Mtoto safari hii. Na kila aliyeita alichana kitu alichovaa, akaja mbio kufunga kwenye waya wake. Pindo la leso. Kola. Trevor, ambaye wala haishi mtaa huu, alimchania bibi mmoja mkono wa shati lake jeupe la kwaya, kwa sababu bibi hakuwa na cha kuchana. Ilinibidi nikiri moyoni kwamba lilikuwa tendo zuri. Bado simpendi.

Wa kwetu ulikuwa wa mwisho, bila shaka. Balbu ya jikoni ikawaka, Nyachuol akaita kwa sauti mpaka ikakatika. Olivia akachana aproni yake. Friza ikanguruma. Nililia, na sikuwa peke yangu.

Nilitoa kitambaa changu cha mfukoni kama mchango. Mama Akuac alisema mafi muskila, hakuna shida, ila nikae mbali.

Jumamosi, 10 Februari

Nyama ilikuwa njema. Mazungumzo ya ng'ombe wa mahari yakaenda vizuri, wazee wakapeana mikono, Nyachuol akang'aa. Lakini habari zangu zilifika mezani kabla ya mchuzi. Mzee Kuach alicheka mpaka akafuta machozi. Kisha akanisimamisha mbele ya wote niape kwamba sitakanyaga hoteli yake. Nikaapa.

Nimelitafakari. Mwenye hoteli anayemwogopa mkaguzi ana la kuficha.

Jumatatu, 12 Februari

Stendi. Olivia amenikatia tiketi ya basi la Nairobi bila kuniuliza. Hata hivyo kanikumbatia, na safari hii kumbatio lilikuwa refu. Alifunga kipande cha aproni yake kwenye begi langu, akasema ni ili nisipotee.

Basi halijaondoka. Dereva amekwenda kunywa chai na kuacha buti wazi. Nimechungulia. Ni ajabu! Mabegi ya abiria wote yamepangwa mpaka juu, yote meusi, yote aina moja ya Malakia, na kila moja limefungwa kitambaa cha rangi yake. Na hapo hapo, kando ya vitambaa hivyo, waya wa taa ya nyuma uko uchi kabisa.

Watu wazima, na hakuna aliyeona.

Mkasi wa Olivia nimesahau kuurudisha. Nimeanza na begi langu.