Mashine ya Wifi na Zipu ya Gauni

Jumatatu, 3 Machi
Gauni la sare limenigomea, zipu ya mgongoni imeishia mbavuni. Fundi cherehani kasema kitambaa cha kuongezea hakuna, na harusi ya mdogo wangu ni Jumamosi. Wifi akalijaribu, likamkaa utadhani alizaliwa nalo! Akasema kwa upole nisihangaike, atasimama yeye na bibi harusi. Upole gani huo? Mdogo wangu nimemlea mgongoni. Nitasimama naye mimi.

Jumanne, 4 Machi
Wifi ana mashine ya kukimbilia sebuleni. Anaanikia nguo. Nimeziondoa, nikapanda. Mashine ikauliza uzito wangu, nikasema ukweli. Nusu saa, jasho mpaka kwenye nyusi. Kalori mia moja na hamsini! Wifi akasema hivyo ni vipande viwili vya mkate. Vikavu.

Jumatano, 5 Machi
Nimegundua siri! Ukiiambia mashine u mzito, inakupa kalori nyingi. Nimejumlisha uzito wangu na wa mwanangu (si alitoka kwangu?) na wa baba yake. Mwendo uleule, tena nimeshikilia vyuma: zaidi ya mia tatu! Nikajipongeza kwa keki. Kalori zikabaki. Nikaongeza kipande.

Alhamisi, 6 Machi
Mashine ikinguruma tu, mwanangu anasinzia, kidole mdomoni. Raha ya moyo. Wifi akachungulia uzito kwenye kioo cha mashine, akauliza kama nimemeza ng'ombe. Eti mashine inakisia kalori tu, inafuata unachoiambia, na ukishika vyuma hata hizo hupati. Wivu huo.

Ijumaa, 7 Machi
Zipu imeishia chini kuliko Jumatatu! Fundi akauliza nimekula nini. Nikamwambia kalori zilizobaki. Gauni kaondoka nalo wifi. Nimelia jikoni, mtoto akanifuta kwa kijiko.

Jumamosi, 8 Machi
Asubuhi bibi harusi akamnyang'anya wifi gauni, akanivisha mwenyewe. Mgongo wote wazi! Nikasema watu watacheka.
"Dada, mimi nakutaka wewe. Zipu ya nini?"
Wifi akachukua mtandio, akamfunga mwanangu mgongoni kwangu, pengo likazibwa barabara. Nimesimama na mdogo wangu mpaka mwisho. Picha zote nimetoka mbele. Mbele tu.

Jumapili, 9 Machi
Nimefikiri sana, kosa nimeliona. Mashine ni ya wifi, na uzito wake sikuujumlisha! Kesho naanza upya. Leo namalizia keki ya harusi, nitailipia kesho.