Mikono Inayopita Dirishani Kwangu

Jumatatu, 4 Machi

Miaka kumi na tisa nimekaa nyuma ya dirisha la kupokelea fomu hapa chuoni. Kioo chake kimepakwa rangi nyeupe, umebaki upenyo chini wa kupitisha mkono tu. Fomu inaingia kifudifudi, napiga muhuri mgongoni, natupia kwenye kikapu. Jina silioni, uso siuoni. Ndiyo sheria ya ofisi, iliwekwa ili karani asije akapendelea mtu. Wanafunzi wananiita Bwana Dirisha, na wengi hawajui kama nina miguu.

Lakini mikono nimeiona. Maelfu ya mikono! Na leo saa nne, kikombe kikiwa njiani kuja mdomoni, nilipigwa na butwaa: naijua. Mkono ukipita mbele yangu najua mwenyewe asome nini na awe nani maishani. Nilikaa na kikombe hewani mpaka chai ikapoa. Kipaji kama hiki, na kimelala bure miaka yote hii!

Kimekuja kwa wakati. Msajili, yaani bosi wangu, amebandika tangazo kwamba anatafutwa mtu wa kumsaidia Mshauri wa Wanafunzi. Atapewa chumba chenye mlango, na viti viwili. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza wana mpaka Ijumaa saa sita mchana kuchagua fani, na wote wamejipanga foleni kwa Mshauri, yule mama mpole asiyepandisha sauti. Nikiwaongoza vijana wangu kadhaa kabla ya Ijumaa, kile kiti ni changu.

Nyumbani mambo shwari. Naishi kwa dada yangu, mshonaji, na binti yake ambaye naye yuko mwaka wa kwanza. Dada ameshaamua: binti anasoma Sheria. Ili kumpunguzia usumbufu, fomu nimemjazia mimi, kwa herufi kubwa. Alitia sahihi bila neno. Kisha akauliza kama mjomba hataki kujua yeye mwenyewe anapenda nini. Nikamwambia asijisumbue, kazi imekwisha. Akaenda kufungua cherehani ya mama yake iliyokuwa inakata nyuzi, akairudisha ikiwa inateleza vizuri. Nikamwambia dada kwamba wakili hatakiwi kunuka mafuta ya mashine. Dada akanikubalia.

Jumanne, 5 Machi

Nimeanza na fomu ya mpwa wangu. Muhuri, kikapuni, safi.

Mgongoni mwa kila fomu pana mistari mitatu inaitwa Maoni ya Ofisi. Kwa miaka kumi na tisa hakuna aliyeandika hata nukta. Leo nimeijaza. Mkono wa kwanza ulikuwa unatoka jasho: nimeandika Uuguzi, maana mwenye jasho ana huruma. Wa pili ulikuwa na pete nne: Benki. Wa tatu uligonga gonga kibao kwa vidole ukisubiri, nikaandika Muziki, na mwenyewe akauliza kupitia upenyo kama kuna fani ya muziki hapa chuoni. Hakuna. Nikamwambia hilo ni tatizo la chuo.

Wa sita ulinisimamisha nywele. Mpana, mtulivu, hauna papara hata chembe. Nikasema kwa sauti ya kusikika ukumbi mzima kwamba mkono huu umezaliwa kupasua watu, na mwenyewe akasomee udaktari leo hii asichelewe. Sauti nzito ikasema kwamba yeye ndiye analeta nyama jikoni, ameambiwa hati ya mzigo inapigwa muhuri hapa.

Kwa namna fulani nilipatia.

Jumatano, 6 Machi

Nimefanya upelelezi. Nilijitia nimepeleka jalada chumbani kwa Mshauri, nikapanga vitabu kwenye rafu yake taratibu sana, masikio yote nyuma.

Mwanafunzi alikuwa ameketi, kijana mrefu, baba yake anataka awe mhasibu. Nilitegemea Mshauri atoe majedwali, takwimu, hata picha. Hakutoa kitu. Aliuliza tu, siku akiwa hana masomo wala hakuna anayemtazama, anajikuta anafanya nini. Basi. Akanyamaza. Na kunyamaza kwenyewe! Nilihesabu vitabu kumi na vinane. Kijana akaanza kusema hana kitu, kisha kidogo kidogo akasema habari za udongo, za mbegu anazootesha kwenye makopo juu ya paa, akasema bila kukoma. Mama wa watu hakugusa hata kalamu. Kijana alitoka akitembea kama mtu aliyetua gunia.

Nakiri hapa ambapo hakuna atakayesoma: niliduwaa. Sijawahi kuona mtu anafanya kazi kubwa vile kwa kutofanya lolote.

Mchana nikajaribu mwenyewe. Mkono mwembamba ukaingia, nikauliza swali lile lile, nikanyamaza. Nikanyamaza sana. Mwanafunzi aliita mara mbili, kisha akakimbia kumwambia mlinzi kwamba Bwana Dirisha amezimia. Mlinzi akaja na ndoo ya maji. Nimerudi nyumbani na shati bichi.

Kabla sijaondoka Mshauri alinifuata. Kwa upole wake akaniomba niache kuandika maoni, maana wanafunzi wanachanganyikiwa, yule wa jasho amelia akidhani ana ugonjwa. Akaongeza kwamba kwa kanuni za chuo, fomu ikishaandikwa maoni ya ofisi haibadilishwi kitu mpaka aliyeandika ayafute mwenyewe kwa barua. Nikamuuliza kama ana hakika. Akasema ana hakika. Nikamshukuru kwa moyo wote. Sikujua kama nina nguvu kiasi hicho!

Alhamisi, 7 Machi

Leo nimeona mkono.

Naandika taratibu ili nisitie chumvi. Saa tano na robo, foleni ndefu, kelele kule nje. Ikaingia fomu kifudifudi, na mikono miwili juu yake. Kucha fupi. Kovu dogo kwenye kidole gumba cha kushoto. Weusi kidogo kwenye mikunjo, ule usiotoka kwa sabuni. Wino wa pedi yangu ulikuwa umekauka, nikainama kutafuta chupa, na mikono ile ikabaki inasubiri.

Sasa, kile kibao cha chini ya upenyo kinacheza tangu miaka sita iliyopita. Seremala alikuja mara tatu akashindwa. Nimekikalisha kwa karatasi iliyokunjwa, na kila nikipiga muhuri kinaruka. Mikono ile ilikigusa. Ikakisukuma kidogo, ikatulia, kama inakisikiliza. Kidole kikapita chini, kikakuta skrubu ambayo mimi sikujua kama ipo. Ikatolewa rula ya chuma, ncha yake ikaingia, mizunguko minne, mitano. Karatasi yangu ikachomolewa na kuwekwa pembeni kwa adabu. Kibao kikatulia. Nikakigonga, kimya. Nikapiga muhuri, hakikuruka.

Haikuchukua hata muda wa mimi kumaliza kujaza pedi wino. Hakuna aliyeiomba. Haikusubiri shukrani. Nilikaa pale na chupa mkononi, machozi yakinilenga, na sioni aibu kusema. Nimewahi kuona mikono inayotaka cheti na mikono inayotaka kazi ya kivulini. Hii ilikuwa inataka kitu kikae sawa, basi.

Nikaandika kwenye maoni, mistari yote mitatu: Mikono hii ni ya mitambo. Apewe Uhandisi wa Mitambo. Asizuiwe na mzazi, mlezi wala ndugu yeyote asiyejua anachokitazama. Nikatia sahihi. Nikapiga muhuri mara mbili.

Nikainama haraka kwenye upenyo kumwambia chochote, lakini pale tayari ulikuwepo mkono mwingine, unanukia tangawizi. Nimeuandikia Upishi.

Nyumbani nilimsimulia dada habari yote wakati wa kula. Nikasema mzazi wa mtoto yule, kama anamlazimisha fani nyingine, ana moyo wa jiwe. Dada akaitikia kwamba watu wengine hawana huruma. Mpwa wangu aliinamia sahani. Nafikiri anaumwa.

Ijumaa, 8 Machi

Majina yamebandikwa saa saba. Saa saba na nusu dada alikuwa ofisini kwa Msajili, tepe ya kupimia bado shingoni, nami nikaitwa.

Alikuwa anasema kwamba kuna mchezo umechezwa. Binti yake amewekwa Uhandisi wa Mitambo wakati yeye amemchagulia Sheria, na ndugu yake wa damu ndiye aliyeipokea fomu. Nikadakia kwamba ni kweli, naapa, niliipokea Jumanne kwa mkono wangu. Nikadai anayehusika amwage unga leo leo. Msajili akasema mwanafunzi anaruhusiwa kuleta fomu nyingine kabla ya Ijumaa, na inayohesabiwa ni ya mwisho. Akaitoa fomu yenyewe. Akanionyesha mgongo kwanza.

Mwandiko wangu. Sahihi yangu. Mihuri miwili.

Akaigeuza. Jina la mpwa wangu.

Nikakalia kikapu kilichokuwa karibu. Mpwa alikuwa amesimama karibu na mlango, mikono ameificha nyuma, Mshauri pembeni yake. Nilimwomba anionyeshe. Akaja akaiweka juu ya meza, viganja chini. Kucha fupi, kovu, weusi. Mikono ile ile imeniwekea chai mezani miaka kumi na mmoja, tangu alipokuwa hafiki mezani bila kusimama kwa ncha za vidole, na sikuwahi kuitazama. Niliona uchungu ambao sina jina lake. Na bado nilikuwa nashangaa jinsi ilivyo mizuri.

Msajili alikuwa ameshaandaa barua, mstari mmoja: kwamba maoni niliyoyatoa hayakuwa na msingi wowote. Nikitia sahihi, fomu ya mwanzo inarudi, binti anasoma Sheria. Nisipotia, basi imepita. Dada akanisogezea kalamu. Akanikumbusha nakaa nyumba ya nani. Mshauri alinitazama tu, na mpwa wangu hakuiondoa mikono yake mezani.

Nilishika kalamu. Nikasoma tena: hayakuwa na msingi wowote.

Nikaiweka chini. Nikasema siwezi. Mpwa akaniangukia shingoni akilia, akisema mjomba, mjomba. Msajili akaniambia ameguswa na ujasiri wangu, kisha akaniambia nafasi ya msaidizi amepewa mtu mwingine.

Kwenye shajara hii siwezi kudanganya. Nusu ilikuwa ile mikono. Nusu nyingine, nisingeweza kuandika kwamba sina msingi. Sijui nusu ipi ilizidi.

Jumapili, 10 Machi

Siku mbili dada hasemi nami. Chakula naachiwa jikoni kimefunikwa. Leo asubuhi akaja akaketi mbele yangu, akaweka mikono yake mezani. Akauliza, bila kuniangalia, kama hii nayo ningeiona dirishani ningeiandikia nini.

Niliitazama. Ncha za vidole zimejaa vitundu vya sindano, ngozi imekuwa ngumu kama mkanda. Nikasema nahitaji muda wa utafiti.

Akasema nisijisumbue. Akaniambia kwamba alipokuwa na umri wa binti yake alishapata nafasi ya kusoma Sheria, barua iko sandukuni mpaka leo. Baba akafariki mwezi ule ule, na kulikuwa na mdogo wake wa kusomeshwa. Mdogo wake ni mimi. Akanunua cherehani. Alisimulia haya kwa sauti ya mtu anayetaja vipimo vya suruali, kisha akainuka akaenda kuchota maji.

Nimekaa palepale mpaka mchana. Miaka yote hii nilidhani alipenda kushona. Namtazama akipita uani na sijui nimweke wapi, amekuwa mkubwa kuliko nyumba yenyewe. Nimelia, na nimeapa kumlipa wema wake.

Jumatatu, 11 Machi

Kioo changu kimekwanguliwa rangi kwa amri ya Msajili, sasa nyuso zinaonekana. Nimegeuza kiti upande ili zisinivuruge.

Habari njema ni kwamba chuo kina masomo ya Jumamosi kwa watu wazima. Nimechukua fomu ya dada. Sheria nimeiangalia, nikaiacha, imeshajaa watu. Nimeikumbuka ile mikono na jibu likanijia papo hapo, likanitetemesha: vidole vilivyochomwa sindano miaka thelathini haviwezi kuogopa mwiba wa nyuki! Nimemjazia Ufugaji wa Nyuki, kwa herufi kubwa, na maoni ya ofisi mistari yote mitatu. Imebaki sahihi yake. Nitamwomba kesho asubuhi wateja wakiwa wengi, asipate muda wa kusoma.