Bunduki ya Kimya na Madonge ya Mama Mkwe

Jumatatu, 6 Oktoba

Nimeamua. Mwaka huu mnyororo unakuja kwetu.

Nasema mnyororo wa fedha wa chama cha wapiga shabaha. Kila mwaka anayeshinda huvishwa mbele ya kijiji kizima, hukaa nao nyumbani mwaka mmoja, na kabla ya kuurudisha hutundika sarafu yake kwenye mnyororo huo. Ya baba imo. Ina picha ya sungura na jina lake, Alois. Baba alifariki miezi minne kabla Zenzi wangu hajazaliwa. Zenzi sasa ana miezi minane na hajawahi kuishika sarafu ya babu yake.

Iko wapi? Dirishani kwa jirani. Bi Ottilie ameshinda miaka mitatu mfululizo, na huutundika sebuleni upande unaotazama jiko letu. Upande wa barabarani hautaki. Leo nilikuwa naanika nepi, akanisalimia juu ya ua. Akasema mnyororo nao unanisalimia. Nikamwambia ausalimie pia. Nilipoingia ndani ndipo jibu zuri likanijia. Kawaida yangu.

Shabaha ni Ijumaa wiki ijayo. Nina siku kumi na moja. Kinachonipungukia ni bunduki tu. Bunduki ya upepo ya baba ni ya springi, nzito kama mlango, na ikifyatuka inashtua kuku. Nitafanyaje mazoezi nyuma ya nyumba na mtoto amelala? Nahitaji ya kisasa, ile ya mtungi wa hewa. Ya kimya.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimekwenda mjini kwa Mzee Wenninger, muuza bunduki. Zenzi kwenye kigari, bunduki ya baba chini yake ndani ya mkoba, kodiani ya bibi juu, nimeifunga kwa mkanda. Dereva wa basi aliniuliza kama nahama. Nikamwambia bado.

Mzee Wenninger alinionyesha bunduki kumi na mbili. Alieleza kitako, mtutu, uzito wa kifyatulio, shinikizo la hewa. Niliitikia kwa kichwa kama mtu anayeelewa. Mimi niliacha shule mapema nikaenda kukanda unga kwa mwoka mikate, mambo ya shinikizo yalinipita. Lakini nina akili zangu. Nilimwomba anifyatulie moja moja nyuma ya duka, kwenye uwanja wake wa mita kumi, Zenzi akiwa amelala palepale mlangoni. Itakayomwacha alale ndiyo yangu.

Ya baba: pwaa! Zenzi kimya. Ya kwanza ya mzee: kishindo cha wastani. Zenzi anakoroma. Hivyo hivyo mpaka ya kumi na moja. Mzee Wenninger akasema mtoto huyu angelala hata vitani.

Ya kumi na mbili ilikuwa ndefu, nyembamba, ya buluu na fedha. Ilitoa mhemo tu, kama mtu anayezima mshumaa. Zenzi akafumbua macho, akalia.

Mzee Wenninger alisema basi hii haifai. Nikamwambia mzee wangu, hujui watoto. Bunduki kumi na moja hakuzijali, ya kumi na mbili akaiamkia. Maana yake ameichagua mwenyewe.

Bei yake siiandiki, daftari lina macho ya watu. Ilikuwa ya bingwa fulani aliyestaafu. Nimetoa bunduki ya baba na kodiani, tumemalizana. Mlangoni mzee aliniuliza mara mbili kama nina hakika kuhusu ile ya baba. Nikasema ninayo. Nimemwachia ili nilete nyumbani sarafu ya baba.

Baba angeelewa.

Alhamisi, 9 Oktoba

Mazoezi ya kwanza. Shabaha nimeiweka mbele ya ukuta wa mawe wa ghala la nyasi, lango nimelitia komeo. Baba alinifundisha hivi: kwanza angalia risasi itaishia wapi, ndipo uangalie inaanzia wapi.

Bunduki ni kimya kweli. Nilijisikia kama mchawi. Lakini risasi ilipofika kwenye boksi la chuma linaloidaka, boksi likalia ngaa! kama kengele ya kanisa. Zenzi hakushtuka, ila Bi Ottilie alichomoza kichwa juu ya ua na kuuliza nani kafa.

Nikasema ninagonga misumari. Akasema mbona sioni nyundo. Nikasema ni ndogo.

Amejua. Baadaye nilimwona dirishani anaufuta mnyororo, kiungo kimoja baada ya kingine, polepole, akinitazama.

Ijumaa, 10 Oktoba

Tatizo la boksi limekwisha. Nimejaribu kulijaza matambara, risasi zikapita. Nimejaribu mchanga, ukamwagika. Kisha nikafungua stoo nikakuta bakuli la madonge ya jana ya mama mkwe.

Mama Afra, mama yake mume wangu Lorenz, tunaishi naye nyumba moja. Madonge yake ya mkate mkavu, maziwa na mayai yanajulikana. Yakilala usiku mmoja yanakuwa na msimamo. Nilipanga sita ndani ya boksi. Nikafyatua. Kimya. Risasi iliingia na haikutoka. Nimepiga arobaini, hakuna hata moja iliyofika upande wa pili.

Wakati wa chakula mama mkwe aliona bakuli tupu. Akanitazama kwa huruma, akasema, "Mwanangu, kumbe unayapenda hivi na hunyoshi mkono mezani? Kunyonyesha kunatia njaa, usione haya." Kesho atapika mengine ishirini.

Nimeona haya kidogo. Lakini ishirini ni mengi.

Jumapili, 12 Oktoba

Hapa Jumapili hata kufyeka majani ni dhambi, na sheria ya kelele inakubaliana. Kwa bunduki yangu si tatizo. Nilimlaza Zenzi kwenye kigari chini ya mti wa tufaha. Nikafyatua mara moja. Mhemo. Akaamka. Nikambembeleza, akalala. Mhemo. Akaamka. Mara sita. Risasi sita kwa saa mbili, na tano nimepiga huku mtoto yuko mkono mmoja.

Lorenz alitoka na kikombe chake cha kahawa, akatutazama, akacheka mpaka kahawa ikamwagika. Ilibidi nimweleze kila kitu, isipokuwa habari ya bunduki ya baba. Akasema, "Mama Zenzi, huyu ni mtoto wa seremala. Tangu azaliwe analala karakanani kwangu, msumeno ukiunguruma. Haamshwi na kelele. Anaamshwa na kimya."

Kwa hiyo pale dukani mtoto hakuichagua bunduki. Aliikataa.

Sikumwambia Lorenz hilo. Mwanaume akijua yuko sahihi mara moja kwa wiki inatosha.

Jumanne, 14 Oktoba

Dawa imepatikana. Adhuhuri Lorenz yuko kwa mteja, mama mkwe yuko sokoni. Nikauwasha msumeno wa karakana bila ubao, mlango wazi. Zenzi akalala kama jiwe. Nikapiga shabaha hamsini na tano, na ukweli niuandike: ishirini za mwisho zilikuwa nzuri sana. Ngurumo ile inanituliza hata mimi. Nilikuwa najiona nimevaa mnyororo.

Ndipo Bi Ottilie alipofika langoni na saa ya ukutani. Aliing'oa ukutani kwake akaja nayo, ili nisiseme saa yake ya mkononi imekosea. Akanionyesha: saa saba kasorobo. Kuanzia saa sita hadi saa nane mchana kijiji kinapumzika. Mwenyekiti wa kijiji mwenyewe hafungi mlango kwa nguvu saa hizo.

Akaniuliza, "Jirani, hebu nielewe. Umenunua bunduki isiyolia, halafu unawasha msumeno usiokata?"

Nikasema ndiyo.

Akasema miaka sitini na minane ameishi hapa na hajawahi kukutana na jambo kama hili. Kisha akabeba saa yake akaondoka. Kwa vile alivyoshika njia ya katikati ya kijiji, badala ya kurudi kwake, nadhani mpaka jioni kila mtu atakuwa amekutana nalo.

Alhamisi, 16 Oktoba

Siku mbaya. Naandika ili itoke.

Stoo nilikuwa na mabakuli mawili. La kijani, madonge mapya. La bluu, yaliyokwisha kutumika, nikisubiri kuyatupa. Mama mkwe asubuhi akataka kuyakata vipande ayakaange na siagi na mayai. Akachukua la bluu.

Kisu kikasema kli.

Hakupiga kelele. Alilipasua donge, akaitoa risasi, akaiweka mezani. Kisha la pili. Zikafika ishirini na tatu, akazipanga mstari kama choroko za kuchagua. Mimi nimesimama na Zenzi begani, sina pa kuingia.

Akasema, "Mkamwana wangu, mimi nilikuwa napika nikifurahi."

Heri angenitukana.

Nikamwambia yote: mnyororo, sungura, Zenzi kumjua babu yake. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza jambo moja tu. Bunduki ya Alois iko wapi?

Nikasema iko kwa Mzee Wenninger, inatiwa mafuta.

Akavua aproni, akavaa koti lake la kanisani, akapanda basi la saa nne. Hakusema anakwenda wapi. Alibeba kikapu chenye kitambaa juu. Alirudi jioni nikiwa namwogesha Zenzi, akaingia moja kwa moja chumbani kwake.

Chakula cha jioni tulikula mkate mtupu. Hakuna madonge.

Jumamosi, 18 Oktoba

Jana tulipiga, leo tumetangaziwa. Niandike kwa utaratibu.

Kila mtu ana risasi kumi, lakini inayohesabiwa ni moja tu, ile iliyokaribia zaidi kitovu cha duara. Ndiyo maana hata asiyejua anaweza kushinda, na ndiyo maana nilikuwa na tumaini. Karatasi zinafungiwa ndani ya sanduku, mpaka siku ya kutangaza hakuna anayejua lolote.

Niliingia na bunduki yangu ya buluu na fedha. Watu walisogea kuiona. Nikajiweka sawa. Ukumbi ukanyamaza, kama desturi mtu anapolenga. Ukimya wa kusikia tumbo la jirani. Na mimi tangu Jumanne nimezoea msumeno. Nikasikia moyo wangu, nikasikia saa ya ukutani, nikamsikia Bi Ottilie akimenya peremende. Risasi kumi, na moja nadhani ilikwenda kwenye shabaha ya mtu wa pembeni.

Nilitoka nje na Zenzi. Nani alipiga baada yangu sikuona.

Leo jioni, ukumbi umejaa, bendi ya matarumbeta. Mwenyekiti wa chama akafungua bahasha. Wa tatu, anayevishwa mnyororo wa mikate ya kukunjwa: Lorenz wangu, ambaye hajashika bunduki tangu Pasaka. Wa pili, anayevishwa mnyororo wa soseji: Bi Ottilie. Akainama, akavishwa. Soseji kumi na nne shingoni. Alizibeba kwa heshima kubwa, lazima nikiri.

Malkia wa shabaha wa mwaka huu, anayevishwa mnyororo wa fedha, mwenyekiti akasema, ni Afra.

Mama mkwe akainuka na koti lake la kanisani. Mkononi ameshika mkoba mrefu ninaoujua kila mshono. Akaufungua ili mwenyekiti aitaje silaha, kama ilivyo desturi. Bunduki ya baba. Nzito kama mlango.

Mimi nimekuwa wa ishirini na tisa. Tulikuwa thelathini na mmoja, na mmoja hakufika.

Jumapili, 19 Oktoba

Mnyororo umetundikwa jikoni, kwenye msumari wa kalenda, upande unaotazama kwa Bi Ottilie. Mama mkwe aliupigilia mwenyewe.

Asubuhi nilimuuliza alivyoipata. Akasema alikwenda kwa Wenninger na kikapu cha madonge, kumbe yule mjane hajala chakula cha kupikwa na mtu tangu mwaka juzi. Atampelekea kila Alhamisi mpaka Krismasi. Akasema bunduki ya baba wa mtu hairudishwi dukani kama chupa tupu. Na kwamba miaka ishirini alipiga shabaha pembeni ya Alois, anajua inavuta kushoto kidogo, unaisamehe, basi.

Nililia. Akanipa taulo ya vyombo. Akasema nisilie kwenye supu.

Kisha akaushusha mnyororo, akamtafutia Zenzi sungura kati ya zile sarafu zote. Zenzi akaishika kwa mikono miwili, akaitazama, akaitia mdomoni. Lorenz aliwasha msumeno dakika mbili tu, Jumapili na kila kitu, na mtoto akalala nayo ngumi imefungwa. Bi Ottilie alikuja langoni. Tukadhani ni ile saa tena. Alileta soseji sita, alisema zimemzidi. Akachungulia jikoni, akasema pale msumarini mnyororo unapata mwanga mzuri kuliko kwake.

Mama mkwe amesema bunduki ya baba sasa ni yangu, na nikiitoa nje ya nyumba hii tena atanilazimisha kuyala madonge yaliyolala. Nimeapa. Haitoki.

Nimekaa nikafikiri kwa utulivu kosa lilikuwa wapi. Nimeliona. Kosa ni kimya. Bunduki yangu haina sauti, ndiyo maana ukumbini nilijisikia mwenyewe. Mzee Wenninger ana nyingine, ya kumi na tatu, hakunionyesha siku ile, iko kwenye kabati la kioo. Wanasema inanguruma kwa mbali, kama paka aliyeshiba. Zenzi atalala ikinguruma na mimi nitatulia, dawa moja kwa wote wawili. Ya buluu na fedha ataichukua, lakini atataka na nyongeza.

Nimezunguka nyumba nzima kutafuta kitu kizuri ambacho hakitumiki sana. Kodiani haipo tena. Msumeno wa Lorenz ni wa zamani, lakini una injini nzuri.

Lorenz ataelewa.