Kalenda ya Shemeji Inayokumbuka Kila Mgonjwa

Jumatatu, 4 Machi
Nimemkabidhi shemeji kalenda ya kompyuta niliyomtengenezea. Ni daktari wa meno, dada mkubwa wa mke wangu. Anaandika jina la mgonjwa, jina linakaa kwenye siku yake. Kazi safi. Fundi wake wa kompyuta, tunamwita Miwani, akauliza taratibu data inahifadhiwa wapi. Nikamjibu kwenye kalenda, kwani alidhani kwenye kabati la vyombo? Wivu tu.

Jumanne, 5 Machi
Nimefungua ukurasa upya. Majina yote yametoweka. Kumbe sijaiunganisha na hifadhidata. Kalenda inakumbuka ikiwa macho, ikizimwa inasahau. Kumuuliza Miwani? Afadhali ning'olewe jino bila ganzi. Dawa nimeipata: kompyuta isizimwe. Nimemwambia shemeji programu bado inajifunza, isisumbuliwe. Ameamini. Kichwa hiki si cha kufugia nywele.

Alhamisi, 7 Machi
Fundi umeme kaja kurekebisha taa, akazima swichi kuu bila kuniuliza. Wiki nzima imefutika. Wagonjwa wawili wakagombea kiti kimoja, na mzee aliyevimba shavu akarudi nyumbani na maumivu yake. Shemeji akasema kalenda isipohifadhi majina kufikia kesho, kazi anampa Miwani. Nyumbani mke wangu kanipakulia chakula bila neno. Hilo liliniuma.

Ijumaa, 8 Machi
Imeungana. Mimi mwenyewe, kwa mikono hii. Nikazima, nikawasha, majina yapo. Nikazima tena, nikawasha tena, mpaka shemeji akaomba nimwachie kompyuta yake. Nimeongeza na ujumbe wa simu wa kumkumbusha kila mgonjwa saa yake. Hilo sikuombwa. Mke wangu ameniita "mume wangu" mbele ya dada yake.

Jumamosi, 9 Machi
Asubuhi, kiti kitupu. Shemeji kakaa na glavu zake mkononi. "Shemeji, mgonjwa wangu wa saa tatu yuko wapi?" Kumbe yeye aliandika saa tatu kama tunavyosema sote, hifadhidata ikahesabu kuanzia katikati ya usiku, na ujumbe ukawaita watu usiku wa manane, wa saa tatu akaitwa saa tisa usiku. Aliyeitikia ni yule mzee wa shavu peke yake. Mlinzi alimkuta anagonga mlango, akampa benchi lake alale. Miwani akaniuliza kwa adabu kama aongeze saa sita kwenye hesabu. Nikasema nitalitafakari. Shemeji akasema aongeze. Kamaliza kabla chai haijapoa. Mzee katibiwa wa kwanza.

Jumapili, 10 Machi
Wote wanamsifu Miwani. Haya, kaongeza saa sita. Hifadhidata aliunganisha nani? Leo mama mkwe, anayeshona magauni ya harusi, kalalamika kwamba anachanganya tarehe za wateja. Nikamwambia amepata mtu. Mke wangu akanikanyaga mguu chini ya meza, nadhani kwa furaha. Mama akauliza kama aendelee kuziandika tarehe kwenye ubao wake mpaka kalenda iwe tayari. Nikamwambia asijisumbue, afute zote.

Amefuta. Kesho naanza kazi.