Ubao wa Mtaro wa Gongoni

Alhamisi, 22 Oktoba

Zimebaki siku sita tupige kura. Kwa hasira nimeshona mfuko wa suruali ya mteja nje ndani. Diwani wetu, Masolwa, amepita Gongoni na vipaza sauti akiomba miaka mitano mingine. Miaka mitano! Aliahidi kuufunika mtaro ulio mbele ya kibanda changu. Mwezi wa tatu mama alitumbukia humo akavunjika nyonga. Sasa anatembea na mkongojo. Masolwa hakuja hata kutoa pole.

Yahaya, fundi cherehani wa kibanda cha jirani, anasema diwani naye ni binadamu. Si ajabu. Ndiye anayemshonea kaunda suti.

Ijumaa, 23 Oktoba

Habari njema. Jumapili asubuhi Masolwa atapita duka kwa duka. Kuingia kwangu lazima avuke ubao uliolazwa juu ya mtaro. Basi aonje alichoonja mama. Kina ni cha kiunoni tu, maji ya sabuni. Hatavunjika. Ni mnene.

Jumamosi, 24 Oktoba

Nimeukata ubao kwa chini kwa msumeno, nikabakiza unene wa kidole. Mke wangu, Mwanne, kauliza nafanya nini. Nikasema nakarabati. Kasema tangu tuoane hajaniona nikikarabati kitu.

Mama nimemwambia kesho asitoke ndani. Kura yangu ni ya mwalimu mstaafu Martha Ngollo, mpinzani wa Masolwa. Yeye alikwenda hospitali kumwona mama, na chupa ya uji mkononi.

Jumapili, 25 Oktoba

Siku mbaya. Nilitandika busati juu ya ubao, nikasimama mlangoni. Ngoma zikasikika. Kumbe si za Masolwa. Ni mwalimu Martha, kawahi kupita kabla yake. Nikampungia mikono arudi. Akadhani namkaribisha, akaja akitabasamu.

Ubao ukakatika katikati.

Nilikuwa ukingoni nimemshika mkono, sijui nimvuteje, Masolwa alipotokea na watu wake. Kavua viatu, kaingia kwenye maji, kambeba mgongoni. Simu zote zikampiga picha. Mwalimu kateguka kifundo cha mguu.

Jioni gari la diwani limeleta mifuniko miwili ya zege ya mtaro. Yote miwili imewekwa mbele ya kibanda cha Yahaya.

Jumatano, 28 Oktoba

Nimepanga foleni na mama tangu alfajiri. Mwalimu Martha kaletwa kwa bajaji, bandeji hadi gotini. Sikuweza kumtazama.

Njiani nikamuuliza mama kampa nani udiwani. Masolwa! Nikapandisha sauti, nikamkumbusha nyonga yake. Akasimama, akaegemea mkongojo.

“Yule aliingia mtaroni kumtoa mtu,” akasema. “Wewe, mwanangu, siku yangu ulinitupia kamba.”

Akatangulia nyumbani na mkongojo wake.

Ijumaa, 30 Oktoba

Masolwa kashinda kwa kura kumi na moja. Usiku kucha nimewahesabu watu waliompa kura kwa sababu alimbeba mwalimu. Wamezidi kumi na mmoja.

Mwanne, ambaye amekwishaelewa ule ukarabati, kanipa neno moja tu: nikaungame. Nimekwenda mtaa wa Cheyo, nyumbani kwa mwalimu, moyo umeamua kabisa. Nikamwamkia shikamoo. Akaitika marahaba, akaninyooshea kiti. Nikafungua kinywa.

Akaniwahi. Kasema vijana wake waliuokota ubao, na una alama za msumeno. Kuna mtu alikusudia. Anaunda kamati ndogo ya kumsaka, na mwenyekiti awe mtu mwenye uchungu na mtaro ule.

“Hasira yako ni ya haki,” akaniambia. “Nakuamini wewe.”

Machozi yalinilenga. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia hivyo, hata mama. Nikauliza kama mwenyekiti atakuwa na muhuri. Kasema utachongwa.

Nimekubali. Haiwezekani mhalifu wa namna hii aachwe mtaani. Nimeshaandika maswali tisa, na kesho saa mbili asubuhi namhoji wa kwanza. Yahaya ajiandae.